Mashine inajua koltani imetoka kilima gani. Sombe yetu nani ataiuliza?

Wandugu wahitimu, na ninyi wadogo zetu mlio bado kwenye mabenchi ya chuo, wiki hizi nimeona katika makundi yetu ombi moja linarudiwa: ati Fizi na Baraka tuombe mashine ya kupima metali, ile inayoandikwa ICP-MS, ndipo tutajua kama dhahabu inatuua polepole. Uchungu ulio nyuma ya maneno hayo naufahamu. Anayeishi karibu na machimbo ya Misisi, anayeona zebaki inachomwa kwenye sahani nyuma ya nyumba, ana haki ya kuuliza. Lakini nina neno na hilo ombi, tena nina neno na kazi ambazo mashine za aina hiyo zimekwisha fanya katika nchi yetu. Mimi ni mtu wa agronomia, siyo wa kemia. Hata hivyo nimezisoma kwa jicho la mtu wa shamba, na ninaposoma kazi ya aina hii ninajiuliza mambo matatu: nani aliuliza, aliuliza nini, na jibu lilimrudia nani.

Tuanze na mashine yenyewe, juu wengi wanaitaja bila kuijua. Jina la ufundi wake ni spektrometria ya masi. Mwaka 1980 Robert Houk na wenzake wa Ames, katika jimbo la Iowa kule Marekani, pamoja na Alan Gray wa Uingereza, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba moto wa gesi ya argoni unaweza kutumika kugeuza metali kuwa ioni na kuzipima moja moja. Miaka mitatu baadaye mashine za kwanza zilikuwa sokoni. Unachukua, tuseme, nusu gramu ya unga wa majani ya muhogo, unauyeyusha kwa asidi ya nitriki mpaka ubaki na maji maangavu. Maji hayo yanarushwa kama ukungu ndani ya plazma ya argoni yenye joto la digrii kati ya 6000 na 10000. Humo hakuna jani, hakuna chumvi, hakuna chochote kinachobaki na umbo lake. Kila atomi inabaki peke yake, inapoteza elektroni, inakuwa ioni. Ioni zinapita kwenye tundu dogo na kuingia mahali pasipo na hewa, zinachujwa na vijiti vinne vyenye umeme kufuata uzito wao, halafu zinahesabiwa.

Na inahesabu kweli kweli. Nanogramu moja katika lita moja ya maji inaiona. Kwa anayetaka picha: ni gramu moja iliyomwagwa katika mita za ujazo milioni moja za maji. Hapo ndipo watu wanapoanza kuiheshimu kama mganga.

Sasa mganga huyo alipofika Kivu aliulizwa nini? Kazi yake iliyosikika zaidi katika eneo letu ilihusu mawe. Taasisi ya Ujerumani ya jiolojia na malighafi, BGR, yenye makao yake Hannover, ilitengeneza njia ya kutambua asili ya koltani. Frank Melcher na wenzake walianza kuieleza hadharani kufikia mwaka 2008. Wanachukua punje za koltani, wanazitazama kwa darubini ya elektroni, kisha leza inachoma kitobo kidogo juu ya kila punje na vumbi lake linaingia kwenye ICP-MS. Wanasoma metali ndogo ndogo zilizojificha ndani ya jiwe, na wanasoma urani na risasi ili kujua umri wake. Koltani ya ukanda wetu wa Kibara ina umri unaokaribia miaka bilioni moja, na ile ya sehemu nyingine za Afrika ina umri wake tofauti. Ukiwa na hazina ya sampuli kutoka machimbo yanayojulikana, unaweza kulinganisha gunia la mfanyabiashara na kilima anachodai limetoka.

Kama kazi ya akili, mimi naivulia kofia. Karatasi inadanganya, lebo ya gunia inahamishwa, lakini jiwe linabeba historia yake tumboni. Tena kazi ilikuja wakati wake. Mtakumbuka, tulikuwa watoto: Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kikawalazimisha wanunuzi kueleza kama madini yao yanatoka Kongo na majirani zake. Septemba mwaka huo huo serikali yetu ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Wazazi wengi wa wasomaji wa ukurasa huu walikosa minerval ya watoto katika miezi ile. Nchi za Maziwa Makuu zilipokutana kupanga namna ya kuthibitisha madini, alama hiyo ya jiwe iliwekwa kati ya vyombo vya kuhakikisha.

Lakini angalieni swali lenyewe. Swali ni la mnunuzi. Mnunuzi wa mbali anataka kulala usingizi, anataka kujua jiwe lililo ndani ya simu halikupita mikononi mwa mwenye bunduki. Ni swali halali, sikatai. Ila aliyekaa chini ya kilima, anayechota maji chini ya mahali wanapooshea mchanga, swali lake halimo. Na hata kwa swali hilo la mnunuzi, mashine ina mipaka ambayo mashabiki wake huipita haraka. Ukanda wa Kibara haukusoma mipaka ya wakoloni: unapita Rwanda, Burundi na Kivu, na mawe ya pande zote ni ndugu wa tumbo moja. Kutenganisha Kivu na Msumbiji ni jambo moja, kutenganisha kilima cha huku na kilima cha ng'ambo ni jambo jingine. Ukichanganya magunia mawili, kazi inakuwa nzito zaidi. Na dhahabu, ambayo ndiyo habari ya Fizi, ikishayeyushwa pamoja na dhahabu ya watu wengine kumi, hakuna tena punje ya kuuliza. Kwa hiyo hata kwenye maswali ya mawe, sisi wa Misisi na Lubondja tulibaki pembeni.

Kazi ya pili ni ya kusini, Katanga ya zamani, na hii ninaipenda zaidi kwa sababu iliuliza mwili wa mtu. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Profesa Benoit Nemery wa Leuven, pamoja na wenzao, walikusanya mkojo wa watu 351 wa kawaida, karibu theluthi moja wakiwa watoto, na sampuli zikapimwa Ubelgiji. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Kobalti iliyoonekana kwa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda ilikuwa, kwa maneno yao, ya juu kuliko zote zilizowahi kuripotiwa kwa wananchi wa kawaida. Siyo wafanyakazi wa kiwanda, jamani. Wananchi. Mwaka 2018 walirudi na kazi ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Wakazi 72, kati yao watoto 32, walilinganishwa na wakazi 25 wa mtaa jirani. Kobalti ya wakazi wa Kasulo ilikuwa juu zaidi, na tofauti ilikuwa kali hasa kwa watoto.

Hapa mtu anaweza kusema: basi umeona, mashine inatosha! Ngoja kidogo. Kuna kazi ya tatu ya watu wale wale, iliyotoka mwaka 2020, na kwangu ndiyo inayofundisha kuliko zote. Walifuata watoto wachanga Lubumbashi kati ya 2013 na 2015: watoto 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana kwa macho, na 108 wasio nazo. Wakapima metali kwa akina mama na kwenye damu ya kitovu. Viwango vilikuwa juu kwa makundi yote mawili, vya kutisha, lakini isipokuwa manganizi na zinki kwenye damu ya kitovu, metali hazikutenganisha vizuri watoto wenye kasoro na wale wengine. Jambo lililohusiana na kasoro kwa nguvu zaidi lilikuwa kazi ya baba. Kama baba anafanya kazi ya madini, hatari ilikuwa kubwa zaidi, mara tano na zaidi kwa hesabu yao, ingawa wao wenyewe walionyesha kwamba hesabu hiyo ina upana mkubwa wa mashaka.

Fikirieni hapo. Swali lililoulizwa kwa mdomo, "baba wa mtoto anafanya kazi gani?", lilisema zaidi kuliko chombo kinachohesabu nanogramu. Na sababu inaeleweka. Kobalti kwenye mkojo inaonyesha yaliyoingia siku chache zilizopita. Viungo vya mtoto vinaumbwa katika majuma ya kwanza ya mimba, na sampuli inachukuliwa siku ya kuzaa. Mashine ilijibu sawasawa, ila iliulizwa habari za leo wakati kisa kilikuwa cha miezi minane iliyopita. Wale watafiti ninawasifu juu ya jambo moja: hawakuficha hayo. Waliandika kilichoonekana na kisichoonekana. Katika memwari zetu ni wangapi tuna ushujaa huo?

Sasa nije kwetu, kwenye sombe, ndagala na bugali, maana ndiko ninakotaka kufika. Kosa kubwa ninaloliona katika maandishi ya wanafunzi wetu juu ya "metali nzito" ni kuandika namba moja tu: zebaki kiasi fulani, arseniki kiasi fulani, halafu hitimisho la kutisha. Nimeshasema kwamba ndani ya plazma hakuna kinachobaki na umbo lake. Hiyo ndiyo nguvu ya mashine, na ndiyo upofu wake. Inakula jina la kiwanja na kukuachia metali tupu. Ni kama mtu wa bandarini Baraka anapima boti lote kwa uzito, anakuambia "kilo elfu nne", lakini hakwambii ndani kuna mihogo au kuna silaha.

Na katika metali, hiyo tofauti ndiyo uhai. Arseniki iliyo katika samaki na wanyama wengine wa baharini kwa sehemu kubwa ni arsenobetaini, kiwanja ambacho mwili unakitoa bila kudhurika. Arseniki ya madini, ile inayoingia kwenye maji ya visima na kwenye mchele, ndiyo inayoleta kansa. Ndiyo maana kipimo cha kimataifa cha mchele mweupe kilichowekwa mwaka 2014, miligramu 0.2 kwa kilo, kinahusu arseniki ya madini peke yake. Zebaki nayo ni vilevile. Zebaki ya maji maji, merkiri anayoishika mchimbaji, ikimezwa hupita tumboni karibu yote, lakini mvuke wake ukivutwa unaingia damuni na kupanda kwenye ubongo. Na ile iliyobadilishwa na bakteria katika matope kuwa metili-zebaki inapanda kutoka kwa mdudu hadi samaki mdogo, hadi samaki mkubwa, hadi mama mwenye mimba. Minamata kule Japani, ugonjwa uliotangazwa mwaka 1956, ulikuwa wa metili-zebaki.

Watu wa agronomia tuna kisa chetu wenyewe ambacho sijui kwa nini hakifundishwi. Irak, 1971 hadi 1972. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ukame, ikaagiza ngano ya mbegu iliyopakwa dawa ya kuvu yenye metili-zebaki. Mbegu ilikuwa imetiwa rangi nyekundu ili watu wajue siyo ya kula. Wakulima wakaiosha, rangi ikatoka, wakaoka mikate. Watu 6530 walilazwa hospitali, na 459 kati yao walifia huko. Rangi ilikuwa imetoka, sumu ilikuwa bado. Leo dawa za mbegu zinazogawiwa huku siyo hizo tena, lakini kila ninapoona mtu wa msaada anagawa mbegu zenye rangi kwa watu wenye njaa na kusema tu "musikule", nawaza ngano ile.

Kwa hiyo, ili kutenganisha viwanja, lazima uweke mbele ya ICP-MS chombo kingine, nguzo ya kromatografia, inayoviachia kimoja baada ya kingine, kila kimoja na dakika yake. Mashine inahesabu arseniki ile ile, lakini sasa unajua ya dakika ya pili ni nani na ya dakika ya sita ni nani. Na sampuli lazima ichukuliwe kwa namna isiyobadilisha kiwanja njiani: baridi, haraka, bila asidi kali. Ndagala aliyeanikwa siku tatu juu ya mchanga wa ufukweni, akasafiri wiki mbili ndani ya mfuko hadi Ulaya, bado atasema mengi juu ya metali kwa jumla, lakini juu ya viwanja nitamwamini nusu tu.

Halafu kuna mtego mwingine ambao kila anayepima ndagala aujue. Argoni ina uzito wa 40, klori ya chumvi ina uzito wa 35. Zikishikana ndani ya plazma zinatoa 75, na 75 ndio uzito wa arseniki. Mashine haina macho, inahesabu uzito tu. Ndagala aliyetiwa chumvi anaweza kuonekana ana arseniki asiyokuwa nayo. Maabara nzuri zina dawa yake, zinapitisha ioni kwenye chumba cha heli kinachozuia hizo zilizoshikana. Lakini karatasi ya matokeo isiyosema kama hilo lilifanyika, mimi naiweka pembeni.

Na kabla ya maabara kuna sisi wenyewe. Sombe ya kando ya barabara ya Fizi kwenda Lulimba, wakati wa kiangazi, imevaa vumbi jekundu. Ukiipima bila kuiosha, umepima barabara. Ukiiosha sana, hukupima kile mama anachopika. Unga uliosagwa kwenye moulin ya chuma umebeba chuma ya moulin. Kinu cha mti kina habari nyingine. Hakuna jibu moja sahihi hapo, inategemea unataka kujua nini: mmea umenyonya nini, au mtoto anakula nini? Hayo ni maswali mawili, na ninaona yanachanganywa kila siku.

Ndiyo maana sipendi ombi la mashine. Mashine hiyo inakunywa argoni lita 15 hadi 20 kwa dakika. Chupa kubwa ya mita za ujazo 10 inaisha kwa saa kama kumi za kazi. Hesabu njia ya kuleta hizo chupa mpaka Baraka, hesabu umeme usiokatika, asidi safi, maji safi kupita ya dawa, na fundi. Tutapata mashine yenye kitambaa juu yake na picha ya uzinduzi. Jirani zetu wa ziwa wamefanya bila kuimiliki mlangoni: mwaka 1994 zilichapishwa kazi za metali katika samaki wa Tanganyika upande wa Burundi, na mwaka 2008 Linda Campbell na wenzake walichapisha namna zebaki inavyopanda katika chakula cha samaki wa ziwa hilo upande wa Tanzania. Sampuli ilisafiri, swali lilikuwa la ziwa.

Kinachotukosa sisi ni kumiliki swali, na kumiliki karatasi. Kuna timu moja, sitaitaja, ilipita kwenye mashamba ya watu ninaofanya nao kazi. Ikachimba udongo, ikakata majani, ikapiga picha na alama za GPS, ikashukuru. Imepita misimu minne. Mama mmoja mwenye shamba huniuliza kila tunapoonana: "Mwanangu, ule udongo wangu ulisema nini?" Namwambia ukweli kwamba hata mimi sijapata jibu. Yeye anaendelea kulima pale pale na kulisha wajukuu.

Tunaweza kuanza na vitu ambavyo haviitaji argoni. Siku timu ijayo ikifika, mwenye lisansi aliye karibu aombe nusu ya kila sampuli ibaki, ndani ya chupa safi ya plastiki, yenye namba ile ile. Aombe kuandikiwa jina la maabara na tarehe ya kurudisha matokeo. Aulize kama watapima metali kwa jumla au viwanja. Aulize kama kutakuwa na sampuli tupu, yaani chupa iliyopitia njia yote bila udongo wala jani ndani yake, maana metali inayoonekana ndani ya chupa tupu ilitoka kwa wapimaji wenyewe. Aulize kama watapima pia unga wa rejea ambao kiwango chake kinajulikana, ili tujue mashine siku hiyo ilisema kweli. Na tukiwa tunangoja, tuandike yale ambayo kazi ya Lubumbashi ilionyesha kuwa na nguvu: nani anachoma zebaki, ndani au nje, mara ngapi kwa wiki, nani analala chumba hicho, baba anafanya kazi gani. Daftari na kalamu. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotafuta somo la memwari, na ninajua mko wengi humu, anzeni na Misisi. Mukishapata daftari lenye nyumba mia moja, tuandikieni hapa, tutatafuta pamoja maabara ya kupima zile kumi zinazotia wasiwasi zaidi.